Kuweka Sawa Tremolo ya Gitaa la Umeme Hadi Irudi Kwenye Sauti

Bonyeza mkono wa tremolo (kile kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye daraja) hadi nyuzi zilegee, uachie, kisha piga nyuzi zote sita zikiwa wazi. Kama ni uzi mmoja tu uliorudi juu ya sauti yake, na mara nyingi huwa G, usiguse springi. Daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, halina kosa. Kama nyuzi zote zimehama pamoja kuelekea upande mmoja, hapo ndipo ugeukie daraja. Wapigaji wengi hukimbilia kufungua kifuniko cha nyuma kwa sababu huko ndiko kwenye vyuma vingi, wakashinda wakikaza na kulegeza skrubu, na jioni gitaa liko vilevile. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kichwani na kuishia kwenye daraja, si kinyume chake.

Maelezo yanahusu zaidi tremolo ya aina ya Stratocaster, ambayo Fender ilianza kuiuza mwaka 1954 na ambayo imenakiliwa kuliko nyingine zote. Floyd Rose, tremolo inayofunga nyuzi ncha zote mbili, ina sehemu yake mwishoni. (Jina lenyewe lina kasoro tangu mwanzo: tremolo kwa haki ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, na kifaa hiki hubadilisha noti, yaani hufanya vibrato. Jina limeshazoeleka, tuliache.)

Mizani iliyofichwa mgongoni

Geuza gitaa, ondoa kifuniko cha plastiki. Utaona bloku nzito ya chuma inayoning'inia kutoka kwenye bamba la daraja, springi tatu hadi tano zilizonasa kwenye bloku hiyo, na upande wa shingo kipande cha chuma chenye meno kinachoshika ncha za pili za springi. Kipande hicho kimefungwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Tukiite kucha.

Nyuzi huvuta daraja kwa mbele, springi hulivuta kwa nyuma. Seti ya nyuzi ya 9 hadi 42 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) ikiwa kwenye sauti ya kawaida huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 38, na ya 10 hadi 46 karibu kilo 47. Springi lazima zijibu mvuto huo sawasawa. Ndiyo maana ukibadilisha unene wa nyuzi, au ukishusha gitaa zima kwa nusu toni, mizani huharibika na kazi ya springi inaanza upya. Na ndiyo maana daraja linaloelea halikubali kushusha E nene hadi D katikati ya wimbo: uzi mmoja ukilegea, springi hushinda kidogo, na zile tano nyingine hupanda.

Kwenye kucha kuna waya uliochomelewa kwa risasi. Huo ni waya wa ethi. Ukikatika, gitaa litaanza kuvuma kwenye amplifaya na kugusa nyuzi hakutaupunguza mvumo huo. Usiuvute unapofanya kazi humo.

Andaa

Tyuna, bisibisi ya nyota inayoenea vizuri kwenye skrubu za kucha, plaisi, spana ndogo za Allen (vikalio, yaani vipande vya daraja ambavyo kila uzi hukalia, kwenye magitaa mengi hutumia milimita 1.5, na kwenye Fender nyingi za Marekani inchi 0.050), rula inayoonyesha nusu milimita, penseli laini ya 2B, seti mpya ya nyuzi, na kadi nne za plastiki za ukubwa wa kadi ya benki. Kadi hizo zina kazi maalumu, utaiona.

Kwanza ondoa msuguano

Nati ni kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, mwisho wa fretibodi (ubao wa shingo wenye freti, vile vyuma vilivyokingama) kabla ya kichwa. Haihusiani na nati ya boliti. Hapo ndipo penye lawama nyingi zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Ukibonyeza mkono, uzi unalegea upande wa daraja, lakini kile kipande kifupi kati ya nati na funguo kichwani bado kimekaza. Kinavuta uzi kidogo kupitia mfereji. Ukiachia, uzi unatakiwa urudi ulikotoka. Mfereji ukiwa mwembamba au una ukingo mkali, haurudi wote, na uzi unabaki umekaza kupita kiasi: sauti iko juu. Ukivuta mkono kwenda juu, au ukisukuma uzi kando kwa kidole, mambo hugeuka: uzi hupenya kuja upande wa daraja, hukwama huko, na sauti hubaki chini. Kwa hiyo ukiona uzi unarudi juu baada ya kubonyeza na chini baada ya kusukumwa kando, umeshampata mhalifu bila kufungua skrubu hata moja. Dalili nyingine ni mlio mfupi wa "ping!" unaposokota funguo: uzi umekwama, kisha umeruka.

Toa uzi kwenye mfereji na usugue ncha ya penseli ndani mpaka mfereji uwe mweusi. Grafaiti ni kilainishi kikavu na hakivuti vumbi kama mafuta. Rudia kila unapobadilisha nyuzi. Mlio ukiendelea, mfereji ni mwembamba kuliko uzi, jambo la kawaida kwa anayehama kutoka seti ya 9 kwenda ya 10. Hapo mfereji unahitaji kupanuliwa kwa faili maalumu la nati lenye unene wa uzi husika. Panua pembeni, si chini: ukizidisha kina kwa sehemu ndogo tu ya milimita, uzi wazi utagonga freti ya kwanza na dawa yake ni nati mpya.

Paka grafaiti pia chini ya vile vishikizo vidogo vinavyobana nyuzi nyembamba kichwani, na mahali kila uzi unapokaa kwenye daraja.

Kisha funguo. Mizunguko ya uzi ikiwa mingi au imepandiana, hukaza na kulegea kila tremolo inapotumika. Mizunguko miwili au mitatu inatosha, ikishuka chini kwa mpangilio. Funguo zinazobana uzi zenyewe huhitaji chini ya mzunguko mmoja, na kwa mwenye tremolo ni ununuzi wenye maana kuliko kubadilisha daraja.

Mwisho, nyuzi mpya huvutwa. Tyuni, shika uzi katikati, uinue kwa kidole kama sentimita moja hivi kutoka kwenye fretibodi, sogea huku na huku, tyuni tena. Rudia mpaka usishuke. Anayeruka hatua hii hawezi kujua anapigana na springi au na uzi ambao haujatulia.

Pale daraja linapoegemea

Madaraja ya zamani hushikwa na skrubu sita mbele ya bamba. Ya kisasa hukaa kwenye nguzo mbili. Kote kuwili bamba linapaswa kubembea kwenye ukingo mwembamba bila kubanwa.

Kwenye skrubu sita, kosa la kawaida ni kuzikaza zote hadi chini. Bamba likibanwa hivyo haliwezi kubembea, linapinda na kusaga mbao. Vuta mkono nyuma mpaka bamba lilale kabisa juu ya mwili wa gitaa. Kaza skrubu mbili za pembeni mpaka uone bamba linaanza kuinuka upande wake, kisha uzilegeze kidogo kidogo hadi lilale tena. Acha hapo. Zile nne za katikati zifanye vivyo hivyo. Wengine huziacha juu zaidi kidogo ili bamba liegemee skrubu mbili tu, na hilo halina ubaya.

Kwenye nguzo mbili, angalia ukingo wa bamba kwa tochi. Unapaswa kuwa mkali na laini kama makali ya kisu. Ukiwa na pengo au umefutika, daraja litarudi mahali tofauti kila mara na nyuzi zote zitateremka au kupanda pamoja. Hakuna springi itakayoponya hilo. Ukitaka kubadilisha kimo cha nguzo, legeza nyuzi kwanza. Kusokota nguzo huku daraja limeegemea kwa kilo 40 ndiko kunakokula huo ukingo.

Springi na kadi nne

Sasa amua: daraja lielee au lilale?

Linaloelea huenda juu na chini, na lina ule mtikisiko mwororo ambao watu hununulia tremolo. Gharama yake ni kwamba uzi ukikatika zote zilizobaki hupanda, ukisukuma uzi mmoja kando zile nyingine hushuka kidogo, na kiganja kizito kikiegemea daraja noti hupanda. Linalolala juu ya mwili hushusha sauti tu, lakini ni tulivu. Kwa mwanzilishi, tunashauri lilale kwa miezi ya kwanza. Si aibu, na kulibadilisha baadaye ni kazi ya nusu saa.

Kulilaza: tyuni gitaa, kaza skrubu mbili za kucha nusu mzunguko kila moja kwa zamu, tyuni tena, mpaka bamba likae. Kipimo cha kutosha ni hiki: sukuma uzi wa G kando kwenye freti ya 12 kwa toni nzima huku ukitazama nyuma ya bamba. Likiinuka hata kidogo, ongeza robo mzunguko. Nyuzi za 10 huenda zikahitaji springi ya nne au ya tano.

Kulielekeza lielee ndipo watu huzunguka bila kufika: wanatyuni, daraja linainuka, wanakaza springi, sauti inapanda, wanatyuni tena. Kadi huvunja mzunguko huo. Kadi ya kawaida ina unene wa milimita 0.76, hivyo nne zikipangwa pamoja ni milimita 3 na ushei. Kipimo cha Fender kwa daraja la skrubu sita ni nyuma ya bamba kuwa juu ya mwili kwa milimita 3.2. La nguzo mbili ni 2.4, kwa hiyo tumia kadi tatu.

Weka springi tatu. Legeza nyuzi kabla ya kuzipachika, shika springi kwa plaisi na uso wako uwe mbali, kwa maana ikichomoka huruka. Kaza kucha zaidi ya unavyodhani inahitajika, mizunguko miwili au mitatu ya ziada. Bonyeza mkono ili nyuma ya bamba iinuke, ingiza rundo la kadi chini yake, uachie. Springi sasa zinabana kadi, na daraja haliwezi kwenda chini kwa sababu ya kadi wala juu kwa sababu ya springi. Ni kama daraja lisilo na tremolo kabisa, kwa hiyo tyuni nyuzi zote sita kwa usahihi, bila kero.

Sasa anza kulegeza skrubu za kucha, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Sauti haitabadilika mwanzoni. Kila baada ya robo, gusa kadi kwa kidole. Zitakuwa zimebanwa, zimebanwa, halafu ghafla zitateleza. Simama hapo. Zitoe polepole na utazame tyuna: nyuzi zinapaswa kuwa palepale au kuhama kidogo sana. Zikiwa zimepanda zote, legeza kucha kidogo tena. Zikiwa zimeshuka zote, umepitiliza, kaza kidogo. Mizani imesimama.

Kwa daraja la mtindo wa zamani likiwa kwenye kimo hiki, kuvuta mkono hadi mwisho huupandisha uzi wa G kwa karibu toni moja na nusu, B kwa toni moja na E nyembamba kwa nusu toni. Ukizipata noti hizo, jua umepiga penyewe. Ukipungukiwa, inua nyuma ya bamba kidogo.

Angalia pia skrubu za kucha hazijatoka kiasi cha kushikwa na nyuzinyuzi chache za mbao. Kama zimebakia milimita chache tu ndani, punguza springi moja na uzikaze zaidi. Springi zikilia zenyewe baada ya kusimamisha nyuzi kwa kiganja, chomeka kipande chembamba cha sponji kati yake na mbao.

Kimo cha nyuzi, kisha intonesheni

Hatua hizi hufuata baada ya mizani, kamwe si kabla, kwa kuwa pembe ya bamba hubadilisha zote mbili.

Pima kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi. Milimita 1.6 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa fretibodi ya kisasa. Kwa ile yenye mbinuko mkubwa ya mtindo wa zamani, milimita 2, la sivyo nyuzi nyembamba hufa ukizisukuma kando. Kila kikalio kina skrubu mbili za Allen. Zisokote kwa usawa ili kikalio kisilale upande.

Kwa intonesheni, yaani usahihi wa noti unapopanda shingoni, piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo, bila kuubonyeza), kisha bonyeza uzi kwenye freti hiyohiyo na upige. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko hamoniki, uzi ni mfupi: rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kugusa skrubu yake, tyuni upya, pima upya.

Kutyuni linaloelea

Kila uzi unaoukaza hulegeza wenzake. Usihangaike kuufanya wa kwanza uwe kamili. Nenda E nene, E nyembamba, A, B, D, G, ukikaribia tu, kisha raundi ya pili, na ya tatu ndiyo ya usahihi. Maliza kila uzi ukitokea chini kwenda juu. Ukipitiliza, shuka chini ya noti na upande tena. Kisha bonyeza mkono mara mbili tatu, uangalie, urekebishe.

Mkono

Skrubu za mikono ya tremolo hazifanani. Kuna za inchi, kuna za milimita 5, kuna za milimita 6, na kwa macho zinalingana. Mkono ukigoma baada ya mzunguko mmoja, ni wa gitaa jingine; ukiulazimisha utaharibu bloku. Ukiwa sahihi lakini unalegalega, zungushia mikunjo miwili ya utepe mweupe wa fundi bomba kwenye skrubu yake. Magitaa mengine huwa na springi ndogo mno ndani ya tundu la mkono, hivyo usipindue gitaa ovyo ukiwa umeuchomoa, itadondoka na hutaiona.

Shika mkono kwa vidole vya mwisho vya mkono wa kulia, piki ikibaki kati ya kidole gumba na cha shahada. Anza na mtikisiko mdogo kwenye noti ndefu, polepole, kwa kasi iliyo sawa na ya wimbo. Mtikisiko wa haraka usiofuata mdundo husikika kama woga. Kisha zoezi la sikio: piga B wazi, bonyeza mpaka tyuna ionyeshe A, achia irudi B. Rudia bila kutazama. Ukishaweza, geuza: bonyeza kwanza, ndipo upige, kisha achia ili noti ipande kutoka chini na kutua mahali pake. Hapo gitaa huanza kuimba kama mtu.

Na hata kwenye gitaa lililowekwa vizuri, baki na tabia hii: ukimaliza kubonyeza sana, vuta mkono juu kidogo, ukimaliza kusukuma uzi kando, gusa mkono chini kidogo. Uzi ulionasa kwenye nati huachia, na sauti hurudi kabla msikilizaji hajatambua.

Kama ni Floyd Rose

Hapa uzi hufungwa ncha zote mbili, kwenye nati na kwenye daraja, hivyo msuguano wa nati hauhesabiki. Kata kile kipira cha mwisho wa uzi, ingiza ncha iliyo wazi kwenye kikalio, ubane kwa Allen bila kutumia nguvu za kupita kiasi, maana kijiwe kinachobana hupasuka. Kabla ya kufunga nati, weka skrubu za tyuni ndogo (zile za daraja zinazorekebisha sauti kidogo kidogo) katikati ya mwendo wake. Ukizisahau zikiwa mwisho, utajikuta huna pa kupandia siku ya pili na itabidi ufungue kila kitu. Bamba liwe sambamba na mwili wa gitaa. Mbinu ya kadi hufanya kazi hapa pia kama gitaa halina shimo chini ya bamba. Penye shimo, zuia bloku kwa kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo, upande wa shingo.

Badilisha uzi mmoja mmoja, utoe huu na kuweka mwenzake kabla ya kugusa unaofuata. Ukizitoa zote kwa pamoja, springi hulivuta daraja lote ndani na mizani uliyoisimamisha inabidi itafutwe upya.